Juzuu ya Tatu ya Mjerumani

Ukweli usemwe mapema tusije tukalaumiana: Juzuu hakuwa mwizi. Wizi unataka kuamka alfajiri, kukimbia na kuruka kuta, na magoti ya Juzuu yalikuwa mabovu tangu ujana. Yeye alikuwa mtu wa maneno, na maneno yenyewe aliyatoa akiwa amekaa, kwenye kona ya duka la fotokopi la dada yake, nyuma ya meza ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya. Juu ya meza palikuwa na kioo cha kukuzia, kibao kilichoandikwa MTAALAMU WA SARAFU ZA KALE, na kikombe cha chai kisichowahi kuoshwa, kwa sababu mwenyewe alidai ule ukoko ulimsaidia kufikiri.

Asubuhi hiyo alikuwa akifikiria chakula cha mchana. Ndipo akaingia Bosi Mabati.

Huyu bwana aliuza mabati, misumari na nondo, na nusu ya mji ililala chini ya bidhaa zake. Aliweka trei ya sarafu kwenye kaunta, akamwambia dada, "Nitengenezee vikadi arobaini. Kila kimoja na jina lake."

"Majina gani, mzee?"

"Si ndiyo shida yenyewe! Aliyeniuzia alisema ni za Kirumi, zile za mikoani, akaondoka zake. Rafiki yangu daktari wa meno anazo kabati zima, kila moja na kadi: mji gani, mfalme gani, imo kitabu gani, ukurasa gani. Mgeni akifika kwake anasoma kadi, anatikisa kichwa kwa heshima. Akifika kwangu anauliza kama hizi ni washa, vile visahani vya kuvalisha misumari."

Dada alikuwa akitoa kopi. Mashine yake ilikuwa na mkwaruzo kwenye kioo, na kila karatasi iliyotoka humo ilikuwa na mstari mwembamba mweusi upande wa kulia. Wateja wakilalamika, dada aliwaambia ni urembo. Kabla hajamjibu Bosi Mabati, sauti ilitoka kwenye kona, nzito, ya mtu aliyesoma sana na kulala kidogo.

"Nani amethubutu kuziweka sarafu za mikoani kwenye trei ya plastiki?"

Hapa lazima nisimame niwaeleze kitu, maana bila hicho hamtaona utamu wake. Sarafu zilizotengenezwa Rumi kwenyewe hazina siri, kila mtu wa kazi hiyo anazijua. Lakini huko mikoani kila mji ulijitengenezea zake, na miji yenyewe ilikuwa mamia. Mingine leo haina hata jiwe lililosimama, na kama si sarafu mbili tatu zilizobaki, hakuna ambaye angejua kuwa iliwahi kuwepo. Basi ukishika sarafu ya namna hiyo, kwanza uipe jina la mji, halafu utaje chanzo, yaani kitabu na ukurasa ulikoliona jina hilo. Bila chanzo ni kipande cha shaba. Ikipata chanzo, imepata ukoo. Na Juzuu alikuwa ameng'amua jambo ambalo wataalamu halali hawapendi kulisema kwa sauti, kwamba watu husoma kadi, wakaamini kadi, na kitabu chenyewe hakuna anayekwenda kukifungua.

Kitabu cha kazi hiyo kilikuwa kimoja, juzuu mbili nzito kama tofali, kimeandikwa na Mjerumani mmoja ambaye kila mtu alimwita Mjerumani tu. Maktaba ya mji ilikuwa na nakala moja. Juzuu aliisoma yote, mstari kwa mstari, kwa miaka sita. Msishangae. Hakuanza kwa ujanja, alianza kwa ahadi.

Baba yao alikuwa fundi saa. Mteja mmoja mwenye haraka alimwachia saa mbovu, na ndani ya kasha lake mlikuwa na sarafu. Mteja hakurudi tena. Upande mmoja wa sarafu palikuwa na mfalme kijana asiye na hata unywele wa ndevu. Upande wa pili palikuwa na mzee mwenye ndevu, amelala ubavu, ameegemea mtungi unaomwaga maji. Watoto waliipa jina Babu Kalala. Herufi zilikuwa zimelika zote. Jioni baada ya kazi baba aliishika, akaitazama kwa ile lenzi yake ya jichoni, akasema, "Huyu mzee ana kwao. Mkikua mnitafutie kwao." Juzuu akaahidi, na ana miaka tisa. Baba alikufa hajaambiwa.

Juzuu zote mbili, miaka sita, na Babu Kalala hayumo. Juzuu alitoka maktaba na elimu nyingi isiyo na kazi, akaamua kuitafutia kazi. Lakini Babu Kalala alibaki kwenye kopo la dawa ya kikohozi, ndani ya mtoto wa meza, bila kadi. Hiyo ndiyo sheria pekee ya dada.

"Uongo wako upeleke kokote unakotaka," alimwambia. "Ila sarafu ya baba usiiandikie uongo. Siku ukithubutu, mimi na wewe basi."

Naye alimwogopa dada yake kuliko alivyoogopa polisi, na alikuwa na haki.

Turudi kwenye trei. Kati ya sarafu arobaini za Bosi Mabati, Juzuu alizitambua kumi na mbili kwa haki kabisa. Saba alizikisia, na nadhani alipatia. Zile ishirini na moja zilizobaki zilikuwa zimelika kiasi kwamba kwenye moja mfalme alibaki sikio tu. Hizo zote alizipa miji mizuri, na chanzo cha zote kikawa Mjerumani, juzuu ya tatu.

Juzuu ya tatu haikuwepo. Mjerumani alikata roho baada ya ile ya pili. Mtu wetu aliona si haki kazi nzuri namna ile ikomee njiani, akamwendelezea. Jina la Juzuu alilipata hapo, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

"Na hii?" Bosi Mabati aliinua ya mwisho. Ilikuwa laini pande zote mbili kama kifungo cha koti.

Juzuu aliweka kioo jichoni, akainama, akanyamaza kwa muda wa kutosha kumtoa mtu jasho. Hakuona kitu. Nyuma yake dada alikuwa amebandika maji ya chai, na birika likaanza kupiga mluzi.

"Biri..." alisema taratibu. "Birikopolis."

"Biriko nini?"

"Birikopolis, mzee. Polis kwao ni mji. Kamji kadogo, kalikuwa na chemchemi za maji moto."

Dada alipaliwa na mate.

"Ziko ngapi duniani?"

"Mzee, unayo mkononi."

"Kwa hiyo daktari wa meno hana?"

"Labda aing'oe mahali."

Bosi Mabati alicheka mpaka trei ikatikisika. Kisha akawa makini. Alisema anajenga chumba maalumu cha sarafu, chenye makabati ya vioo, na atahitaji mtunzaji. Meza ipo. Kiti cha kuzunguka kipo, cha ngozi. Kitu kimoja tu, ile ya Birikopolis aiandikiwe cheti kwenye karatasi ya kizee, akitundike ukutani. Juzuu, ambaye hajawahi kukalia kiti chenye miguu yote mizima, alisikia joto kifuani.

Karatasi ya kizee alijua inakopatikana. Mwisho wa juzuu ya pili palikuwa na kurasa za nyongeza, picha upande mmoja na upande wa pili mtupu, karatasi nene iliyogeuka rangi ya chai. Alikwenda maktaba, akakohoa kwa nguvu mara tatu, na kila kikohozi kiliondoka na ukurasa mmoja. Akazitia ndani ya shati, akatoka akimtakia mtunza maktaba siku njema. Akachagua ukurasa mzuri kuliko yote, na kwa kuwa upande wa picha ulikuwa na muhuri wa maktaba, aliupaka gundi ya unga haraka haraka, akaubandika kwenye kadibodi muhuri usionekane. Upande mtupu akaandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa kujikunja, habari zote za Birikopolis, chemchemi zake, wafalme wake, na chanzo chake, juzuu ya tatu. Kusema kweli kilikuwa cheti kizuri. Mimi mwenyewe ningekitundika.

Wiki tatu zikapita. Juzuu alishaanza kuwaambia watu kwamba mgongo unamsumbua na daktari amemshauri kiti cha kuzunguka. Ndipo asubuhi moja akaingia mama mmoja wa makamo yaliyosogea, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, kikapu mkononi. Dada alipomwona tu, alisema anakwenda kununua wino, akatoka. Dada huyu hakuwahi kuliacha duka kabla ya saa saba. Juzuu hakulitia maanani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiwe yule anayeijua juzuu ya tatu ya Mjerumani?"

"Tunajitahidi, mama."

"Basi Mungu ni mkubwa! Marehemu mume wangu aliniachia hiyo, na kila ninayemuuliza ananiambia haipo."

"Wajinga hao, mama," alisema Juzuu.

Mama alitoa kikapuni bunda la fotokopi. Juu kabisa pameandikwa, kwa herufi za kitabu, JUZUU YA TATU. Jamani, mtu akutane na uongo wake mwenyewe umepigwa chapa! Juzuu alizitazama karatasi zile kama mtu aliyeona shati lake limevaliwa na jirani. Kichwa chake kilikimbia huku na huku. Hawezi kusema haipo, maana Bosi Mabati anazo kadi ishirini na moja zinazosema ipo. Na zaidi ya hapo, kuna sauti ndogo iliyoanza kumnong'oneza: nani anajua? Labda Mjerumani alikuwa na watoto wenye bidii. Labda wameimalizia. Labda mimi nilikuwa nasema kweli muda wote, sikujua tu.

Mama alifunua karatasi moja, ya pili, ya tatu. Hapo Juzuu akasimama, magoti mabovu na yote.

Mfalme kijana asiye na ndevu. Na kando yake mzee amelala ubavu, ameegemea mtungi, maji yanamwagika. Mchoro safi, herufi zote zipo. Chini yake jina la mji: Okokleia.

"Okokleia," alisema Juzuu.

Jina gani hilo? Yeye aliyebuni miji ishirini na moja asingethubutu kubuni Okokleia, mteja angemcheka usoni. Na ndiyo sababu aliliamini papo hapo. Macho yalimjaa. Alimwona baba na lenzi yake jichoni, amekaa anangoja jibu miaka yote hiyo.

"Mbona unalia, mwanangu?"

"Vumbi, mama. Karatasi za kale zina vumbi." Zilikuwa fotokopi za jana.

Akavuta mtoto wa meza, akatoa kopo la dawa ya kikohozi, akamwaga Babu Kalala kiganjani. Mama alivaa miwani. Aliitazama sarafu muda mrefu, akaigeuza upande huu na huu, kwa kweli, si kwa maigizo.

"Yaelekea ndiyo yenyewe," alisema. "Lakini kopi hii ni ndogo. Michoro mikubwa iko nyumbani, haibebeki. Nipe nikailinganishe, saa tisa nimerudi. Na ili moyo wako utulie, nakuachia kitabu chenyewe." Akatoa kikapuni kifurushi kizito, kimefungwa kwa karatasi ya kaki na kamba. "Ila usikifungue. Mshono umeoza, kitamwagika chote."

Sasa niwaulize. Kifurushi kilichofungwa, usikifungue, nakuja saa tisa. Mchezo huu Juzuu mwenyewe aliwahi kuucheza mara mbili, kwa boksi la redio lenye tofali ndani. Aliujua kama anavyojua njia ya chooni. Na bado alimpa! Alimpa kwa mikono miwili, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia, "Tembea polepole, mama, usije ukajikwaa."

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja alikata kamba. Ndani mlikuwa na kitabu kinene, na jalada lake lilisema: BEI ZA MABATI NA MISUMARI, TOLEO LA TATU.

Alikaa. Akazichukua fotokopi tena, moja moja, akazipanga mezani. Ndipo akauona. Kwenye kila karatasi, upande wa kulia, mstari mwembamba mweusi.

Dada alikuwa amerudi kitambo. Alikuwa amempa mgongo, akijaza wino kwenye mashine.

"Dada."

"Naam."

"Huu mstari."

"Ni urembo," alisema dada bila kugeuka. Halafu akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kesho saa nne tunatakiwa kwa Bosi Mabati, mimi na wewe. Vaa shati safi."

Chumba cha sarafu kilikuwa kizuri kuliko alivyokiota. Makabati ya vioo, taa ndogo ndogo, na katikati kiti cha kuzunguka cha ngozi nyeusi. Bosi Mabati alisimama dirishani, mikono nyuma. Yule mama alikaa mezani na miwani yake, na mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, alilala Babu Kalala.

"Huyu ni shangazi yangu," alisema Bosi Mabati. "Miaka thelathini makumbusho, kazi yake kuandika kadi za sarafu."

Juzuu alitamani sakafu ifunguke.

"Nilipoona juzuu ya tatu ukutani nilicheka mpaka nikavua miwani," alisema shangazi. "Lakini karatasi ilinisumbua. Nikaona naijua. Nikaishika juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikaachia." Alimsogezea cheti. "Geuza."

Juzuu alikigeuza. Muhuri wa maktaba. Juzuu ya pili, nyongeza, picha ya tisa, sarafu zilizomfikia Mjerumani kitabu kikiwa tayari mtamboni. Ya tatu kutoka juu ilikuwa mfalme kijana, na mzee amelala ubavu. Okokleia.

Miaka sita alisoma kila mstari wa maandishi, na kurasa za picha za nyongeza aliziruka. Alikuwa nayo mkononi. Aliipaka gundi. Kitu alichokitafuta miaka sita alikilaza kifudifudi kwenye kadibodi, na mgongoni mwake akaandika habari za birika. Alicheka, sauti moja fupi mbaya, kisha akajifunika uso.

"Nilikuja dukani na ukurasa huu kuuliza nani kauchana," shangazi aliendelea. "Wewe ulikuwa umekwenda kula. Dada yako alipoiona picha alikaa chini sakafuni."

"Ningekuambia," alisema dada. "Niliwaza sana. Lakini nakujua, mdogo wangu. Ungeshukuru, ungelia, na mwezi ujao Babu Kalala angekuwa ndiye pekee duniani na ameshauzwa. Nimemtoa kwa makumbusho, mahali usipomfikia. Nusu yake ni yangu, na nusu yako nimeichukua kwa nguvu. Nisamehe au usinisamehe." Alimshika bega. "Ila kwao kumepatikana. Baba ameambiwa."

Juzuu aliinua mkono, akaugusa ule wa dada begani.

"Mimi nilitaka polisi," alisema Bosi Mabati. "Shangazi kakataa. Kaa."

"Wapi, mzee?"

"Kiti si ulikitaka?"

Akakaa. Kiti kilizunguka chenyewe, kikamwelekeza ukutani, ikabidi ajirudishe kwa miguu. Mbele yake waliweka kadi ishirini na moja tupu, na akaanza. Mji: haujulikani. Chanzo: hakuna. Mji: haujulikani. Chanzo: hakuna. Alipofika kwenye ile laini kama kifungo, Bosi Mabati alikohoa.

"Hiyo... si lazima leo. Daktari wa meno ameshaiulizia mara tatu."

Shangazi alimtazama juu ya miwani. Bosi Mabati akarudi dirishani kuangalia hali ya hewa, na Juzuu akaandika: haujulikani.

Mwisho ilibaki kadi moja, nzuri kuliko zote, yenye alama ya makumbusho. Babu Kalala angepelekwa huko kesho yake. Shangazi aliisoma polepole, na Juzuu akaandika. Mji: Okokleia. Chanzo: Mjerumani, juzuu ya pili, nyongeza, picha ya tisa. Ilitoka kwa: fundi saa. Imeletwa na: binti yake.

"Na mimi?" aliuliza Juzuu kwa sauti ndogo.

"Wewe umeileta?"

"Hapana."

"Basi." Shangazi alichukua ule ukurasa, akaugeuza mbele na nyuma. "Lakini huu utarudi maktaba. Kuna siku mtu atasoma kadi hii, na huyo atakuwa mmoja wa wale wachache wanaokwenda kukifungua kitabu. Ataikuta picha. Kisha atageuza, atakutana na Birikopolis kwa wino mzuri namna hii. Nani atamwambia?"

Juzuu aliiangalia kadi. Nafasi ilikuwa imebaki chini, mstari mmoja. Angeweza kubuni maneno matano ya kumtoa salama, yalikuwa yameshajipanga mdomoni. Dada alikuwa bado amemshika bega. Akachovya kalamu, akaandika: Picha ya mbele ni ya kweli. Maandishi ya nyuma ni uongo, na mwongo ni mwana wa fundi saa

Shangazi alivaa miwani, akasoma yote tangu mwanzo.

"Umesahau nukta," alisema.

Juzuu akaweka nukta.